Kelele Ndiyo, Papa wa Mtu Hapana

Ndugu zetu, dada zetu, na wakubwa wote mnaosoma maandiko yetu: safari hii hatuandiki juu ya chakula kuchelewa wala juu ya makaratasi. Tunaandika juu ya basketi. Msicheke. Someni mpaka mwisho, kisha mtukane mkitaka.

Jumamosi mbili zimepita, tulienda kuangalia mechi ya vyuo viwili hapa kwetu Rusizi. Majina ya vyuo hatutayataja, mwenye kujua anajua. Ni vyuo ambavyo vikikutana, wiki nzima watu hawasalimiani vizuri. Vijana wetu wawili wanachezea upande mmoja, njo maana ule upande ni wetu, hata kama wengi wetu hatujawahi kukanyaga darasa lake. Mechi ilikuwa saa kumi. Sisi saa nane tulikuwa tumeshafika. Tulikuwa na bidoni tatu tupu za kupiga, vifuniko viwili vya sufuria ambavyo mama fulani bado anavitafuta, filimbi moja, na bendera tuliyoshona wenyewe kwa vipande vya kitenge. Mwenzetu mmoja alijipaka majivu uso mzima mpaka watoto wakamkimbia.

Tuseme ukweli wetu: tunapenda ile kitu kuliko tunavyoweza kueleza. Katika zile dakika 40 hakuna mtu anayekuuliza kadi. Hakuna anayekuuliza ulivuka lini, kwa daraja gani, na namba yako ya familia ni ngapi. Unaulizwa kitu kimoja tu: uko upande gani? Na kwa mara moja katika maisha yetu, hilo swali halina hatari. Unajibu kwa sauti yote ya tumbo.

Sasa tufike pale pabaya.

Robo ya tatu, namba 9 wa upande ule alianza kutuua. Alirusha ya kwanza ya pointi tatu, ikaingia. Ya pili, ikaingia. Ya tatu alirusha huku anaanguka, nayo ikaingia. Tulipiga bidoni, tulizomea viatu vyake, tulimwambia anakimbia kama bata wa Ziwa Kivu. Hakuna kitu, hakutusikia hata kidogo. Ndipo mmoja kati yetu akaanza wimbo mpya:

«Papa yako iko wapi? Papa yako iko wapi?»

Bidoni zikashika mdundo, vifuniko vikaitikia. Kabla ya kufikiri, sote tulikuwa ndani ya wimbo.

Namba 9 ni mtoto wa Bukavu. Alivuka Februari 2025, vita ilipoingia mjini, sawa na wengi wetu tulivyovuka. Papa yake alibaki nyuma siku moja, eti afunge nyumba vizuri kisha awafuate. Hakuwafuata. Mpaka leo hakuna simu, hakuna habari, hakuna kaburi. Sisi tulijua. Hatukuwa tunabahatisha. Mmoja wetu alilala Nyarushishi angari moja na ile familia, akamsikia mama yake usiku akipiga ile namba isiyopatikana.

Alikuwa amepewa mitupo miwili ya bure. Alishika mpira, akageuka, akatuangalia. Hakuonyesha hasira. Alituangalia kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu katika umati, na kwa bahati mbaya aliupata. Akarusha ya kwanza, nje. Akarusha ya pili, nje. Tuliruka, tulikumbatiana, bendera ilipasuka. Tulishinda kwa pointi tatu na tukarudi Kamembe tukiimba.

Usiku ule mmoja aliuliza: «Ule wimbo, nani alianza?» Wote tukanyamaza. Juu ilikuwa haina maana nani alianza. Wote tulipiga bidoni.

Tulipoanza kusema kati yetu kwamba tumekosa, wakubwa wengine walitucheka. «Achani, ile ni ambiansi tu.» «Tereni ni tereni, mtu asiyeweza kuvumilia abaki nyumbani.» «Na wao hawawaimbiaji nyinyi HCR, HCR?» Mmoja, mtu mwenye heshima zake, alisema: «Mnajifanya malaika, kumbe ni mchezo.» Maandiko haya ni majibu kwa hayo yote. Tunajibu kwa heshima, lakini tunajibu.

Tuanze na hilo neno ambiansi. Neno zuri, tunalipenda. Lakini siku hizi limekuwa kama shitingi: mtu anafunika nalo kila uchafu, mvua isiuone. Mtu anamshika dada kiuno bila ruhusa, ambiansi. Mtu anamwita mwenzake nyoka kwa sababu ya pua yake, ambiansi. Mtu anamuuliza yatima papa yake iko wapi, ambiansi. Sisi tunasema ambiansi ni ile ngoma. Maneno tuliyoweka juu ya ngoma tuliyachagua wenyewe. Bidoni haikutunga wimbo ule. Ilitungwa na mtu aliyejua jeraha liko wapi, akaweka kidole palepale.

Wengine wanasema, si mambo ya tereni tu, ni utani, na utani ni wa mababu zetu. Haya, tuuzungumze utani basi, juu inaonekana mmeusahau. Utani wa kweli una kanuni kali kuliko za arbitri. Mtani wako anaweza kukutania mpaka msibani, anaweza kulala juu ya kaburi akisema marehemu alikuwa na deni lake. Lakini ni mtani huyohuyo anayeshika jembe. Ni yeye anayechota maji, anayepika, anayewafanya wafiwa wacheke kidogo wasivunjike. Ana ruhusa ya kusema kwa sababu ana kazi ya kubeba. Je, sisi tulibeba nini cha namba 9? Tulienda kumpa mama yake pole hata siku moja? Tulimsaidia kutafuta hata jina kwenye orodha? Hapana. Asiyeshika jembe hana ruhusa ya kucheka kaburini. Na hapa hata kaburi halipo.

Msidhani jambo hili ni la kwetu maskini tu. Wale tunaoiga mambo yao ya basketi, Wamarekani, walishafanya kitu hichohicho, na historia iliandika. Steve Kerr, yule kocha aliyemfundisha Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, kule Golden State, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Arizona. Papa yake, Malcolm Kerr, alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, kule Lebanoni. Januari 1984 alipigwa risasi akafa, palepale chuoni kwake. Kijana alikuwa mwaka wa kwanza. Miaka minne baadaye, Februari 1988, Arizona walienda kucheza kwa wapinzani wao wa jimbo moja, Arizona State. Wachezaji wakiwa bado wanapasha mwili moto, kikundi cha mashabiki kilianza kumwimbia juu ya papa yake na juu ya Beirut. Kerr alikaa kwenye benchi, akajikusanya. Kisha akaingia, akafunga pointi 22.

Watu wanapenda kumaliza hadithi hii kwa zile pointi 22, kama vile zinasafisha kila kitu. «Unaona? Alijibu uwanjani.» Sisi hatuimalizi pale. Kerr alifunga, namba 9 wetu alikosa, na tusi ni lilelile. Tusi halipimwi kwa mpira ulioingia. Na angalieni jambo lingine: zaidi ya miaka 35 imepita, Kerr amechukua vikombe kama mchezaji, akachukua vingine kama kocha, na bado mtu akisimulia maisha yake anafika pale kwenye ule wimbo. Wale walioimba walikuwa wanafunzi kama sisi. Leo ni watu wazima wenye watoto. Huenda walisema ni mchezo tu. Wimbo wao uliishi kuliko mchezo, na hakuna hata mmoja wao anayejitokeza kusema: mimi njo niliuimba vizuri.

Sasa tusogee nyumbani, na hapa tunaomba msome polepole.

Mji wetu una uwanja unaoitwa Kamarampaka. Wote tunaupita. Aprili 1994, wakati wa jenoside dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja ule. Waliambiwa ni kwa usalama wao. Wakawa wanachaguliwa, watu wanatolewa mule, wanapelekwa kuuawa. Waliosalia wakapelekwa Nyarushishi. Ndiyo, Nyarushishi hiyohiyo ambayo leo sisi tunapokelewa tukivuka, tunapewa blanketi na uji. Mambo haya yalisemwa mbele ya mahakama ya Arusha. Wazee wa mtaani kwetu wanayajua bila mahakama.

Hatusemi wimbo wetu ni sawa na yale. Mtu asitupakie maneno. Kufananisha hivyo ni kuwakosea marehemu. Tunasema hivi tu: katika mji huu, watu waliokusanyika uwanjani wakimwonyesha mmoja kidole si picha mpya. Hapa kuna watu wazima ambao wakisikia umati unaimba jambo juu ya uzazi wa mtu, miguu yao inataka kukimbia kabla ya akili kujua kwa nini. Sisi ni wageni katika nyumba hii. Mgeni anayeruka na viatu juu ya kitanda cha mwenye nyumba, akisema kwetu tunafanya hivi, huyo mgeni ana shida.

Na hata huko kwetu tunajua. Nani kati yetu hakusikia neno lililoanza kama mzaha? Barabarani Kadutu, sokoni, kwenye gari linaloenda Uvira: «Wewe na ile pua, kwenu ni wapi kabisa?» Watu wanacheka. Mwaka mwingine uleule aliyecheka anasimamisha gari na anauliza swali lilelile bila kucheka. Kati yetu tunaoandika hapa kuna Mushi, kuna Mufuliru, kuna Munyamulenge, kuna Murega, kuna wenye mama wa huku na papa wa kule. Tulikubali kukaa pamoja chini ya mti mmoja kwa shida sana, wengine kinyume na ushauri wa nyumbani kwao. Mnafikiri ni nini kitatuvunja? Si hotuba kubwa. Kitatuvunja kiwimbo kidogo kama hiki, siku namba 9 atakuwa wa kabila fulani na mwimbaji wa kabila lingine.

«Lakini wao walianza.» Hili njo jibu tunalolisikia zaidi, na ni kweli. Upande ule walitangulia kutuimbia. Mchezaji wetu alipoanguka waliimba «HCR itakulipia dawa!» Walisema turudi kwetu. Kuna aliyepunga karatasi kama kadi ya chakula. Iliuma, hatutadanganya. Lakini ndugu zetu, sisi watu wa Kivu, jibu la «wao walianza» limetufikisha wapi? Muulize yeyote kule, upande wowote, vita hii ilianza na nani. Kila mmoja ana tarehe yake, na kila tarehe iko kabla ya tarehe ya mwenzake. Tumetembea na hilo jibu mpaka tumevuka mto nalo, tukalifungua kama mzigo kwenye uwanja wa basketi. Liacheni kule. Lingepaswa kubaki ng'ambo ya Ruzizi.

Na tena angalieni upumbavu wetu. Wao walitukana wakimbizi. Sisi, ili tulipize, tulitafuta mkimbizi upande wao tukamtukana. Tuliwasaidia kazi.

Sasa tuna kundi la pili la kujibu. Hawa wanatoka upande mwingine kabisa. Hawa wanasema: «Njo maana tuliwaambia, mukimbizi anatafuta nini kwa tereni? Watu wanakufa kule, nyinyi mnapiga bidoni. Acheni hayo mambo, msali, mtafute kazi.» Wazazi wetu wengine wako katika kundi hili. Tunawaheshimu, lakini hapa hatukubaliani hata kidogo.

Kosa letu halikuwa kupiga kelele. Kosa lilikuwa mahali tulipozielekeza. Mkituondoa uwanjani hamtatufanya wema, mtatufanya tukae nyumbani tukiangalia video za vita siku nzima, na hizo hazijamfundisha mtu upendo.

Kule Marekani kuna vyuo viwili, Duke na North Carolina, kilomita kama 16 kati yao. Wamekuwa wakicheza basketi tangu 1920, na wanachukiana kwa furaha kubwa. Uwanja wa Duke, Cameron Indoor Stadium, unachukua watu 9,314 tu, kwa hiyo nafasi za wanafunzi zinagombaniwa. Mnajua wanafanya nini? Wanalala nje kwenye hema. Tangu 1986, kila mwaka, wakati wa baridi, wanafunzi wanaweka mahema mbele ya uwanja na kukaa wiki nyingi, ili wapate kusimama karibu na mchezo mmoja. Wana kanuni zao, wana watu wa kuita majina hata usiku wa manane, na mkikosekana mnapoteza nafasi katika foleni.

Tulipoijua habari hii tulicheka mpaka tukalia. Mahema, foleni, kuitwa majina usiku! Mtoto wa tajiri anaomba kwa hiari kile sisi tulichopewa kwa lazima. Mwenzetu mmoja alikasirika, akasema wanacheza na shida zetu. Lakini wengine tuliona kitu kingine. Mtu anaweza kuvumilia baridi, matope na foleni akiwa na jambo la kungojea na watu wa kulingojea nao. Sisi matope tunayo tayari. Mtuachie basi na jambo la kungojea.

Na katika uwanja huohuo wa Duke, msimu wa 2024–25, nani alikuwa anashangiliwa? Khaman Maluach, kijana aliyezaliwa Sudani Kusini na kukulia Uganda, ambako familia yake ilikimbilia. Kabla yake, msimu wa 2003–04, alikuwa Luol Deng, ambaye familia yake ilikimbilia Misri na baadaye Uingereza. Watoto wa wakimbizi wote wawili, na maelfu walioimba majina yao hawakuwa wanauliza kadi. Sasa sikilizeni hii. Aprili 5, 2025, Duke wakiwa katika nusu fainali ya taifa, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti ya Sudani Kusini. Siku hiyohiyo! Kijana wa miaka 18 aliingia uwanjani jioni huku karatasi yake imeingia shaka. Duke walipoteza kwa Houston, 70–67. Juni mwaka huo Maluach akachaguliwa wa 10 katika NBA.

Kwa nini tunaisema? Kwa sababu inaonyesha mipaka ya kelele na thamani yake pia. Mashabiki hawawezi kukupa pasipoti. Hawawezi kufungua mpaka. Lakini siku dunia inakuambia hauna mahali, kusikia watu elfu tisa wakisema jina lako si kitu kidogo. Sisi tulikuwa na watu mia mbili, na jina la namba 9 tunalijua. Tulichagua kumwimbia lisilo jina lake.

Mfano mwingine wa karibu na roho zetu. Julai 28, 2024, Olimpiki ya Paris, timu ya Sudani Kusini ilikuwa inacheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico, mjini Lille. Ukafika wakati wa wimbo wa taifa. Waandaaji wakapiga wimbo wa Sudani, ile nchi waliyotengana nayo baada ya vita ya miaka mingi! Wachezaji walibaki wamesimama. Umati, ambao wengi wao hata hawakuwa watu wa Sudani Kusini, ulizomea kosa lile, kisha ukawapigia wachezaji makofi mpaka wimbo sahihi ukapatikana. Sudani Kusini wakashinda 90–79. Huo njo ushabiki tunaoutaka. Walizomea, ndiyo. Walijua tu nini cha kuzomea.

Na msisahau kinachochezwa hapa kwetu zaidi ya pointi. Basketi Rwanda si mchezo wa kupoteza saa. Kigali kuna BK Arena ya watu 10,000, na Ligi ya Basketi ya Afrika ilianzia pale 2021. Kepler, chuo kilichofungua masomo ndani ya kambi ya Kiziba mwaka 2015, kina timu yake katika ligi ya nchi. Kwa kijana asiye na shamba, asiye na mjomba serikalini, mpira unaweza kuwa njia ya kuingia darasani. Namba 9 anasoma. Tumesikia kwamba tangu mechi ile amekosa mazoezi mara mbili. Kama ataacha, hatakuwa ameacha mchezo tu. Na sisi tutakuwa tumemfungia mtoto wa mwenzetu mlango, ule ambao kila siku tunalalamika kwamba wenye nguvu wanatufungia sisi.

Tulituma wenzetu wawili nyumbani kwao. Hawakwenda na kamera. Mama yake aliwapa viti na chai. Namba 9 alikuja, akakaa, akasikiliza. Walipomaliza kuomba msamaha alisema tu: «Mlikuwa munafanya kazi yenu.» Akarudi ndani. Hatujui kama huo ni msamaha. Tunadhani siyo. Hana deni la kutusamehe, na hatuandiki haya ili atuonee huruma. Tunaandika juu ya mechi ya marudiano, ambayo iko karibu.

Kwa hiyo haya njo maamuzi yetu, tumeyapigia kura chini ya mti, na mwenye kutaka kukaa upande wetu ayajue kabla hajashika bidoni.

Tutapiga kelele kuliko mara ya kwanza. Namba 9 akigusa mpira tutamzomea mpaka asikie masikio yanalia, juu ni hatari na tunamwogopa, na kumnyamazia kwa huruma kungekuwa tusi lingine. Tutacheka viatu vyake, nywele zake, mbio zake za bata, na kocha wao anayevaa koti wakati wa jua. Vyote hivyo mtu anavivua, anavibadilisha, anaenda navyo nyumbani akicheka.

Hatutaimba kitu ambacho mtu hawezi kukivua. Papa yake, mama yake, kabila lake, pua yake, lugha yake, nchi aliyotoka, kadi anayobeba. Hata wakituimbia sisi. Hata tukiwa tumeshindwa kwa pointi ishirini. Hata kama mwimbaji ni mkubwa wetu.

Na kwa sababu tunajijua, tunajua kwamba joto likipanda ahadi zinayeyuka, tumeweka kanuni moja ya mikono. Wimbo wowote wa namna ile ukianza upande wetu, wenye bidoni wanaweka bidoni chini. Hakuna kugombana, hakuna hotuba. Bidoni chini, vifuniko chini, filimbi mfukoni. Tumeshaona: wimbo usio na ngoma hauendi mbali. Mtu anabaki anaimba peke yake, anajisikia sauti, anaona aibu, ananyamaza. Siku ile hakuna aliyeweka chini. Laiti angekuwa mmoja tu.

Bidoni ni tatu na sasa zina wenyewe, majina tumeandika kwa kalamu pembeni. Mmoja wa hao watatu ni yule aliyeanza wimbo. Aliomba mwenyewe.

Bendera tumeishona tena. Vifuniko tutavirudisha kwa mama baada ya mechi. Njooni saa nane.

Sisi vijana, Kamembe